Pampu ya Mwalimu wa Chini

Tulimwita Mwalimu wa Chini kwa sababu alifundishia chini ya ardhi. Wageni waliolisikia jina hilo mara ya kwanza walidhani ni la dharau. Afisa mmoja kutoka wilayani alimwuliza kama halimkeri, naye akajibu kwamba kinachomkera ni kuitwa "mama yangu" na vijana wanaokuja kumkagua bila kumwuliza jina. Afisa akaandika kitu kwenye daftari lake. Mwalimu akamwambia asome kwa sauti alichoandika. Yule kijana akacheka, akatazama huku na huku, akaona darasa zima linasubiri, akasoma. Ndivyo alivyokuwa. Ukiandika jambo mbele yake, ulisome. Na kama huwezi kulisoma mbele ya mwenyewe, basi hukupaswa kuliandika.

Alifundisha kisomo cha watu wazima, kile tulichokiita ngumbaru, katika kijiji chetu upande wa Mkongo. Wanafunzi wake walikuwa ishirini na watatu, wengi wao wanawake wa makamo wenye mikono iliyopasuka kwa mpunga. Walikuja kila alasiri wakitoka shambani, wakanawa miguu kwenye ndoo moja mlangoni, wakashuka.

Lazima nieleze nyumba yenyewe. Ilijengwa na mfanyabiashara wa pamba aliyeondoka kabla baba zetu hawajaoa. Juu palikuwa na duka na baraza pana. Chini, ukishuka ngazi za mawe, palikuwa na chumba kirefu kilichochimbwa ardhini, chenye vidirisha vitatu vyembamba vilivyochungulia nje usawa wa miguu ya wapita njia. Hapakuwa na nyumba nyingine ya namna hiyo mahali popote tulipopajua. Sisi ni watu wa bonde. Mto ukija, tunapanda. Tunajenga madungu, vibanda vya juu ya nguzo katikati ya mashamba, tunakaa huko kufukuza ndege na nguruwe, na maji yanapita chini yetu yakienda zake. Kuchimba chumba kwenda chini katika bonde la Rufiji ni wazo la mtu ambaye hakuuliza.

Zamani darasa lilikuwa juu, kwenye ofisi ya chama cha ushirika. Ushirika ukafa. Ikaja miaka ya ruksa, kila mwenye mtaji akafungua duka, na serikali ya kijiji ikampangisha Tajiri ghorofa ya juu. Tajiri aliuza mitumba, soda, betri za redio na mafuta ya kujipaka yenye picha za wanawake weupe. Darasa likateremshwa chini, kwenye chumba ambacho hakuna aliyekitaka. Mimi nilikuwa karani wa Tajiri. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, nilifungua marobota na kupanga mashati, na kila alasiri nilisikia sauti zikipanda kupitia sakafuni: ba, be, bi, bo, bu. Mwalimu aliniita Karani wa Juu. Alipolitamka jina hilo ilikuwa kana kwamba sisi wawili tumegawana dunia na yeye amepata sehemu nzuri zaidi.

Alikuwa mtu wa milimani, huko kusini kwa Wamatumbi, na aliogopa maji. Hakuwahi kukanyaga mtumbwi. Mzee Abdala, mwanafunzi wake aliyewahi kufanya kazi ya kufunga kamba za kivuko cha Ndundu, alisimulia jinsi Mwalimu alivyovuka siku ya kwanza anahamia kwetu: alikaa chini katikati ya kivuko, kanga usoni, amekumbatia tairi la lori mpaka ng'ambo. Dereva akamwomba aliachie ili awashe gari. Mwalimu hakukanusha habari hii. Aliongeza tu kwamba lile lori ndilo lililokuwa na akili kuliko abiria wote, kwa kuwa lilifungwa breki.

Utani baina yake na wanafunzi haukuisha. Bi Siwema, mkulima mwenye ulimi mkali kuliko wote darasani, alipenda kumwambia, "We Mmatumbi, maji utayajulia wapi, na huko kwenu mnayabeba kwa kibuyu?" Naye akamjibu, "Na nyie mliozaliwa nayo mmeyafanya nini? Kazi yenu kupanda juu ya miti kama ngedere." Darasa likalia kwa kicheko, na kwenye kicheko hicho mtu aliyekwama kwenye neno alilipita bila kujua.

Alikuwa na ubahili wa chaki. Alitumia kipande mpaka kikawa kidogo kuliko punje ya hindi, kisha akakisaga na kuchanganya na maji kidogo, akaandikia kwa kijiti. Lakini chakula hakukihesabu. Alichemsha mihogo sufuria nzima, akaileta darasani na kuiacha karibu na mlango, na yeyote aliyepita, hata kama hakuwa mwanafunzi, alichukua. Imamu alimlalamikia kwamba kila siku anachelewa swala ya alasiri. Alimjibu kwa adabu kwamba Mungu anamwona alipo, na kwamba akichelewa yeye darasani wanachelewa watu ishirini na watatu. Imamu hakuridhika, lakini baadaye mkewe mwenyewe alijiandikisha.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni pedi ya wino, kile kisahani cha sifongo cheusi ambacho watu huchovya dole gumba wasipojua kuandika majina yao. Alikuwa nayo moja, aliyoikuta kwenye ofisi ya ushirika. Aliitundika ukutani kwa msumari, imekauka, imepasuka, kama ngozi ya mnyama aliyewindwa. Aliyeweza kuandika jina lake kamili mara ya kwanza alipewa ruhusa ya kuipiga kofi. Nilimsikia mtu akiipiga, na sauti za wenzake, hata nikiwa juu kwenye marobota.

Sitaki mtu adhani alikuwa mtakatifu. Mama mmoja alikuja analia, anaomba aandikiwe barua kwa mwanawe aliye Dar es Salaam. Mwalimu alikataa. Alimwambia akae darasani miezi mitatu, ataiandika mwenyewe, na mwanawe ataulilia mwandiko wa mama yake. Yule mama hakuwa na miezi mitatu. Alipanda ngazi kuja kwangu, nikamwandikia. Niliposhuka jioni kumwambia Mwalimu kwamba alifanya ukatili, alinitazama, akasema, "Umemsaidia leo." Mpaka sasa sijaamua nani kati yetu alikosea, na yule mama hakurudi tena kwa yeyote kati yetu.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa. Mto ulipanda mapema, ukajaza mashamba, watu wakahamia madunguni. Chumba cha chini hakikuingiwa na maji kwa mlangoni. Maji yalitoka sakafuni. Kwanza pembe moja ililowa, kisha ikatokea chemchemi ndogo kwenye ufa, kisha asubuhi moja madawati ya mbao yakawa yanaelea.

Wanafunzi wakafanya kile ambacho mkulima yeyote wa bonde angefanya. Waliziba. Walileta udongo wa kichuguu, ule tunaosakafia nyumba na kuzuia maji kwenye kingo za majaruba ya mpunga, wakaukanyaga kwa miguu, wakaushindilia kwenye nyufa zote. Kazi nzuri, ya mikono iliyozoea. Siku mbili sakafu ikawa kavu na wakaimba. Siku ya tatu sakafu ikainuka katikati kama ugali unaochemka, ikapasuka kutoka ukuta hadi ukuta, na maji yakaja kwa mkupuo mmoja mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Tajiri alishuka na viatu vyake vya raba kutazama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeona kila mahali patupu kama mahali pake. Alisimama kwenye ngazi akasema kwamba akikipata chumba kile atakisakafia kwa saruji nzito na kuweka mzigo. "Ni soko huria sasa, Mwalimu," alisema. "Mahali panakwenda kwa anayeweza kupatumia."

"Basi na mimi niko sokoni," Mwalimu akajibu. "Nimeshapanga bidhaa zangu. Unazikanyaga."

Wiki ile ile Mwenyekiti wa kijiji aliitisha kikao. Alisema kijiji hakiwezi kuwa na chumba kilichojaa vyura huku mpangaji anakihitaji. Aliamua hivi: mwisho wa masika, siku ya Ijumaa baada ya swala, yeye na wajumbe watashuka mle ndani na viatu miguuni. Vikitoka vikavu, darasa libaki. Vikitoka vimelowa, chumba kinakwenda kwa Tajiri, na darasa litafute pa kwenda. Kila mtu alijua kwamba pa kwenda hapakuwepo. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alikwisha sema madawati yake hayatoshi watoto, na nyumba za watu zilijaa jamaa waliokimbia mafuriko. Darasa likitoka mle, limekufa, na wale waliofika kwenye sentensi wangerudi kwenye herufi, kisha kwenye dole gumba.

Kesho yake Mwalimu alikuja bila chaki. Alikuja na jembe na sururu. Aliwaambia wanafunzi kwamba wamekosea kuyafungia maji, kwamba maji yanayotoka chini hayazuiliki, yanatakiwa yapewe shimo lao na njia yao ya kutokea. Bi Siwema akamwuliza amejifunza wapi hayo, milimani kwao kwenye kibuyu? Akasema aliwahi kuona pampu ya kamba kwenye kisima cha bustani huko kusini, akasimama akaitazama mpaka mwenye bustani akamshuku ni mwizi.

Walichimba shimo kwenye pembe iliyokuwa chini kuliko zote, kina cha mtu mzima mpaka kiunoni. Wakatumbukiza pipa la plastiki walilolitoboa matundu kwa msumari wa moto, wakazungushia kokoto, ili maji yaingie na tope libaki nje. Kwenye kitako cha pipa Mzee Abdala alisimika kwa saruji chupa ya soda iliyolazwa, kwa kuwa kioo ni laini, hakikati kamba. Kisha bomba la plastiki, kutoka karibu na ile chupa mpaka juu kwenye kidirisha. Na kamba ndefu ya katani, iliyofungwa ncha kwa ncha, izunguke bila mwisho: inashuka nje ya bomba, inapita chini ya chupa, inaingia tumboni mwa bomba na kupanda.

Kazi ya kupandisha maji ilikuwa ya vipande vya ndala. Mwalimu aliagiza kila mwanafunzi alete moja iliyochakaa. Walizikata vipande vya duara, vipana kiasi cha kujaza bomba bila kukwama, wakavitunga kwenye kamba kama shanga, kila kimoja kikazuiwa na fundo. Kamba ikipanda, kila duara linasukuma maji yaliyo juu yake. Mume wa Bi Siwema alishuka siku hiyo bila kiatu kimoja, akauliza kwa upole kama kuna mtu ameona ndala yake ya kulia, ambayo haikuwa imechakaa. Tayari ilikuwa vipande saba.

Juu ilihitajika gurudumu la kuvuta kamba. Mwalimu alitoa baiskeli yake ya Kichina, ile aliyoendea mikutanoni, akavua matairi, akaipindua miguu juu. Lakini baiskeli lazima ikae usawa wa kidirisha, na kidirisha kilikuwa juu ya vichwa vyetu. Ndipo wanafunzi, bila kuagizwa, wakafanya jambo ambalo Mwalimu hakulijua. Walileta boriti za mikoko zilizotoka Mbuchi, huko deltani, wakasimamisha nguzo nne, wakafunga fito juu yake. Walijenga dungu ndani ya nyumba. Bi Siwema akapanda, akakaa kando ya baiskeli, akazungusha pedali kwa mikono, na maji yakatoka kidirishani yakimwagika nje.

"Sasa na wewe umepanda mti," alimwambia Mwalimu kutoka juu.

Mwalimu alitazama lile dungu. "Mimi nimebaki chini," akasema. "Ngedere ni wewe."

Kwa siku nne walipiga maji zamu kwa zamu na maji hayakupungua. Walikuwa wakiyamwaga chini ya kidirisha, na ardhi ya pale ikayanywa na kuyarudisha kupitia ukutani. Walikuwa wanazungusha maji yale yale. Mzee Abdala ndiye aliyegundua, kwa sababu harufu ya majani ya mpapai aliyoyatupa nje ilikuwa imeingia kwenye maji ya ndani. Wakapasua mianzi, wakaiunganisha kuwa mfereji, wakayavusha mpaka mtaroni ng'ambo ya njia. Mfereji ulipita mbele ya mlango wa duka. Tajiri alilalamika kwamba wateja wanajikwaa. Mwalimu akamwambia wateja wakijifunza kuangalia wanapokanyaga watajifunza kuangalia na bei zake. Nilikuwa nyuma ya kaunta. Niliinamisha kichwa ili Tajiri asinione ninacheka.

Hapo ndipo sauti ya jengo ilipobadilika. Kila alasiri nilisikia pampu, kwa-cha, kwa-cha, na juu yake sauti ya yule aliyekuwa zamu akisoma kwa sauti, maana Mwalimu aliamuru anayepiga maji asome. Walisoma kwa mapigo ya pedali. Neno refu lilipata mizunguko mitatu. Sakafu ikaonekana, kwanza ya tope, halafu ya unyevu, halafu ikawa sakafu. Nimesikia watu wengi wakisoma tangu wakati ule, kwenye kumbi zenye viyoyozi na maua mezani, na wengi wao wamesoma vizuri. Sijasikia tena mtu akisoma kama mtu ambaye akinyamaza atazama.

Ijumaa yenyewe, asubuhi, pampu ikanyamaza.

Nilijua kabla sijaambiwa. Kamba ya katani ilikuwa imeoza kwa kulowa siku zote zile, ikakatika katikati, na vipande vya ndala vikabaki ndani ya bomba. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imepiga bila kupumzika. Mwalimu akaingia dukani. Hakuwahi kuingia dukani kabla ya siku hiyo. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka pindo la gauni lake. Hakunisalimu. Alitazama juu ya marobota, palipokuwa na kamba ya manila ambayo Tajiri aliitumia kufungia mzigo kwenye lori.

"Karani, ile kamba ni ya nani?"

"Ya Tajiri, Mwalimu."

"Anaitumia leo?"

"Hapana. Lori linakuja wiki ijayo."

"Basi leo ina kazi."

Hakuniomba na hakunisihi. Alisimama tu. Nilijua Tajiri yuko nyumbani anajiandaa kwenda msikitini, na nilijua ataiona ile kamba mahali itakapokuwa. Nikapanda juu ya robota, nikaifungua.

Walitunga upya vile vipande kwa haraka, wanawake wamekaa kwenye ngazi, midomo imeshika ncha za kamba. Maji yalikuwa yamefika vifundoni. Kazi ngumu ilibaki moja: kupitisha kamba chini ya ile chupa kwenye kitako cha pipa, na maji yalikuwa yamelifunika pipa. Lazima mtu alale chini na kuzamisha mkono mpaka begani, apapase. Mzee Abdala akajaribu. Mkono wake ulikuwa mnene, ukakwama kati ya bomba na ukingo wa pipa. Mwalimu alikuwa na mikono myembamba kuliko wote. Kila mtu aliliona hilo.

Alifunga kanga kiunoni. Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya maji kana kwamba anapima joto la mgonjwa. Kisha akalala. Shavu lake lilizama, jicho moja majini, jicho jingine limefumbwa.

"Nishikeni miguu," alisema. "Nyie, msiniachie."

Bi Siwema alimshika mguu mmoja, mke wa imamu akashika wa pili. Sijui alilala pale muda gani. Nakumbuka midomo yake ilivyokuwa ikitikisika karibu na maji, na kwamba sikuweza kujua kama anasoma dua au anahesabu. Alipoinuka alikuwa ameshika ncha ya kamba, na Bi Siwema, ambaye hakuwahi kukosa la kumtania, alimfunika kanga yake mwenyewe.

Wakapiga maji kwa zamu fupi fupi, wenye mikono yenye nguvu tu, wengine wakifagia maji kuelekea shimoni kwa mafagio ya makuti. Swala ilipokwisha, Mwenyekiti alikuja na wajumbe wanne na Tajiri nyuma yao. Wote na viatu. Walishuka mmoja mmoja. Sakafu iling'aa, ila hapakuwa na dimbwi. Wanafunzi walikuwa wamekaa kwenye madawati, miguu imekusanywa pamoja, na Bi Siwema juu ya dungu anazungusha pedali. Mwenyekiti alitembea mpaka ukutani, akarudi. Akainua kiatu kimoja, akatazama soli.

"Pana unyevu," alisema Tajiri.

"Unyevu upo," alisema Mwenyekiti. Akatoa karatasi kwenye mfuko wa koti, na kutoka mfuko wa pili akatoa pedi mpya ya wino. Alieleza kwa sauti ya upole kwamba jambo hili si la ugomvi, kwamba masika mengine yatakuja, kwamba wanafunzi wenyewe wamechoka. Karatasi ilikwisha andikwa. Kilichobaki ni kila mmoja kuweka dole.

Mwalimu alikuwa bado amelowa. "Isomwe," akasema.

Mwenyekiti akaanza kuifunua aisome. Mwalimu akatikisa kichwa. "Si wewe. Isomwe na anayetiwa wino."

Bi Siwema akanyoosha mkono kutoka juu. "Nipe huku." Mwanamke mwingine akapanda haraka kushika pedali, ili maji yasirudi. Bi Siwema akaishika karatasi kwa mikono miwili, mbali na uso, akaanza. Alisoma polepole, akijikwaa, na hakuna aliyemsaidia. "Sisi... wanafunzi... wa kisomo... tumekubali... kuhama... kwa hi... kwa hiari... yetu." Hapo akasimama. Alilirudia lile neno kwa ndani, midomo ikicheza. Kisha akatazama chini.

"Mwenyekiti, baba yangu," alisema, "hii hiari yetu umeipata wapi? Sisi tulikuwa huku chini tunapiga maji."

Mjumbe mmoja alikohoa. Mwenyekiti akasema hiyo ni lugha ya ofisi tu, mama, usiitilie maanani.

"Basi ofisi iweke dole lake," alisema Bi Siwema, akaidondosha karatasi ikashuka ikiyumbayumba mpaka miguuni pa Mwenyekiti. Haikulowa. Watu wote tuliitazama ikiwa pale sakafuni, kavu, mpaka Mwenyekiti mwenyewe alipoinama kuiokota. Tajiri ndiye aliyecheka wa kwanza, nampa haki yake. Alicheka, akatikisa kichwa, akapanda ngazi. Katikati ya kupanda akaiona kamba yake.

Chumba kilibaki chao. Mimi nilifukuzwa Jumatatu, bila matusi, na soda moja ya kuagana. Nikaenda Dar es Salaam. Mwalimu alifundisha mle ndani miaka mingine mpaka miguu ilipomsumbua, akahamia kwa bintiye Kibiti, na Bi Siwema akachukua chaki.

Nilimwona mara ya mwisho baada ya daraja la Ndundu kufunguliwa. Nilikuwa natoka kijijini. Nilipita Kibiti kwa sababu nilikuwa na habari mbaya na sikutaka aisikie kutoka kwa mtu mwingine. Nilimkuta uani anamenya mihogo, miguu imevimba ameinyoosha juu ya kigoda, fimbo kando. Alinitambua kabla sijasalimu. "Karani wa Juu," alisema. "Umenenepa."

Tuliongea habari za watu. Mzee Abdala alikwisha fariki. Mke wa imamu alikuwa anaandika kumbukumbu za mikutano ya kikundi cha wanawake. Alisikiliza, kisu kinaenda, maganda yanaanguka. Nilikuwa nimeipanga sentensi yangu tangu mtoni, na ilipotoka haikuwa ile niliyoipanga. Nilimwambia jengo limeuzwa. Mwenye nyumba mpya anataka kujenga ghorofa juu yake, mafundi wamemwambia chumba kile kinadhoofisha msingi, kwa hiyo amekijaza kifusi. Darasa limetawanyika. Bi Siwema amekaa nyumbani.

Kisu kilisimama. "Mpaka wapi?"

"Wamekijaza, Mwalimu. Chumba hakipo."

"Nimekuuliza mpaka wapi."

Nikafikiri. Nilikuwa nimesimama mlangoni pale asubuhi ile ile. "Ngazi tatu za juu zinaonekana bado," nikasema. "Labda kifusi kiliwaishia."

Alitazama ukuta wa ua kana kwamba zile ngazi zimechorwa pale.

"Za juu ndizo pana," alisema. "Kila moja inakaa watu watatu."

"Mwalimu, nyumba ina mwenyewe sasa."

"Na wakati ule haikuwa na mwenyewe?" Aliweka sufuria chini, akashika fimbo, akaanza kuinuka. Nilimshika kiwiko, akanisukuma, akainuka peke yake. Alimwita bintiye amtafutie kilemba na ule mfuko wa chaki. Binti akasema kutoka ndani kwamba mama, miguu hiyo haitoki. Mwalimu aliniuliza leo siku gani. Nikamwambia Alhamisi.

"Basi Jumamosi wanakaa tisa," alisema. "Kumi, Siwema akikubali kubanana."